Rafu ya kabati imenyooka
Wana Mbeya wenzangu, mnajua baridi ya Juni na Julai inavyotujazia makabati. Makoti mazito ya mtumba wa Mwanjelwa, majaketi, masweta ya watoto, vyote kwenye bomba moja la kutundikia nguo, na bomba lenyewe limefungwa chini ya rafu ya chipbodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Rafu yangu ilishuka katikati mpaka pindo za makoti zikawa zinalalia viatu. Chipbodi ndivyo ilivyo: inalegea polepole chini ya mzigo na hairudi yenyewe.

Nimetoa nguo zote, nikaigeuza rafu tumbo liwe juu. Kisha nikachukua mbao ya paina ya inchi 1 kwa 3, hizi za Mafinga, nikaifunga chini ya ukingo wa mbele. Hapa sikilizeni vizuri: isimamisheni kwa ubavu, ule upana wa inchi 3 uwe wima, msiilaze. Mbao hiyohiyo ikisimama inakuwa ngumu kupinda mara 9 kuliko ikilala! Toboa tundu dogo kwanza, paka gundi ya mbao, ndipo ukaze skrubu taratibu. Chipbodi ukiilazimisha inamumunyuka, skrubu haishiki tena.

Bomba nimelihamishia kwenye mbavu za kabati, kila upande kipande cha mbao kinalibeba, kwa hiyo rafu sasa imebaki na mablanketi tu. Nimefurahi mno.

Kama bomba lenu ni refu, wekeni na kishikizo cha katikati. Nani anajua duka hapa Mbeya, Soweto au Kabwe, lenye vishikizo vya chuma imara? Nataka kulishughulikia na kabati la watoto.