Jioni ya Mlimwa kwenye mbao tatu

Wiki ya tatu hii vidole vyangu vina rangi ya bluu, nahangaika kupiga chapa ya picha kwa mbao. Yote ilianza nilipokutana kwenye simu na picha za Kawase Hasui, Mjapani aliyezaliwa 1883, alitembea nchi yake akichora mvua, theluji, vijiji usiku vyenye dirisha moja tu lenye taa. Ile ya hekalu la Zojoji ya 1925 nimeitazama sana jamani, geti jekundu, theluji inapeperushwa, mama mmoja kainama na mwamvuli wake. Theluji sisi Dodoma hatuijui ila huo upepo naujua, ndo ule wa mwezi wa 7 unaokujaza vumbi la macho pale stendi.

Nilidhani kafanya yote mwenyewe, kumbe wapi. Hasui anachora, fundi mwingine anachonga, mwingine anapiga chapa, na mchapishaji Watanabe Shozaburo wa Tokyo ndo anawaweka pamoja na kuuza, kazi zao zikaitwa shin-hanga, yaani chapa mpya. Kila rangi inachongewa mbao yake, mara nyingi mti wa cheri, karatasi moja inapita mbao zote. Halafu Septemba 1923 likaja tetemeko na moto, duka la Watanabe likaungua na mbao zake, Hasui naye akapoteza madaftari yake ya michoro. Zojoji ni miaka miwili tu baada ya hapo, na hilo mi linanigusa kuliko hata picha yenyewe.

Mwingine ni Yoshida Hiroshi, huyu 1926 alichukua mbao zilezile za picha yake ya mashua za matanga akabadilisha rangi tu, ikawa asubuhi, ikawa ukungu, ikawa jioni, ikawa usiku. Mbao zilezile!

Nikasema basi na mimi mlima wetu Mlimwa nitaufanya hivyo. Nikaenda karakana ya mjomba, akanipa vipande vitatu vya mninga, kimoja cha anga, kimoja cha mlima, kimoja cha mbuyu mweusi mbele. Wajapani wanasugua mgongo wa karatasi kwa baren, kidude cha duara kilichofungwa ganda la mwanzi, mi nikatumia mgongo wa mwiko na ukakubali. Shida ikawa rangi hazikutani, mlima unapanda juu ya anga, mbuyu unaelea, karatasi zaidi ya 20 zimeharibika nikataka kuacha kabisa.

Mjomba alikuwa anapiga randa, akaja akaangalia kimya, akasema, "Mjomba, karatasi yako haina pa kugota. Chonga kizuizi kwenye kona, na kingine huku ubavuni, mbao zote tatu vipimo sawa." Nilishtuka kwa sababu ndo kitu kilekile Wajapani wanakiita kento, kona moja na mstari mmoja vinavyochongwa kwenye kila mbao ili karatasi ikae palepale kila ikirudi. Nilikuwa nimesoma nikaruka, na mjomba hajawahi kuiona chapa ya Kijapani maishani mwake.

Jana saa 12 jioni karatasi ya nne baada ya kuchonga zile kona, mbuyu umekaa chini kabisa unapopaswa kukaa, juu yake anga la machungwa linafifia kwenda bluu. Mjomba kaibandika ukutani juu ya misumeno. Kesho naosha mbao, napaka rangi za alfajiri.