Jinsi nilivyoanza kumaliza makala zangu

Makala zangu zilikuwa zinakwama katikati. Dawa niliipata kwa wenzangu wachache wanaoandika pia. Jumapili usiku kila mmoja hujirekodi akisoma aya moja, anaituma WhatsApp, nasi tunajibu maswali mawili tu: umepotelea wapi, na unataka kujua nini zaidi? Sifa tupu haziruhusiwi, na nashukuru sana kwa hilo.

Niliposoma aya kuhusu maandazi ya mama, dada mmoja wa Tanga akaniambia, "Mwanzoni sikuona kitu. Ulipofika kwenye hiliki inayotwangwa kinuni, nikaliona jiko lenu." Nikafuta utangulizi wote, nikaanzia kwenye kinu. Ikaisha wiki ileile.

Sasa nikikwama, natafuta swali la msikilizaji mmoja na kuliandikia jibu kwanza.