Shemeji, Naibu na Kiti cha Bosi

Kwa miaka mingi nilisoma habari za Mafia ya Marekani kama wengi wanavyozisoma, yaani kwa kuhesabu maiti: nani alipigwa risasi, wapi, na alikuwa akila nini. Baadaye niliona kwamba hesabu hiyo hainifundishi kitu, kwa sababu vifo vyenyewe hufanana sana, na jambo lenye kuvutia limejificha siku chache kabla ya kila kifo, pale wanaume kadhaa walipokuwa wakijiuliza swali ambalo utaratibu wao haukuwahi kulijibu sawasawa. Kiti hiki, mwenyewe akiondoka, ni cha nani?

Kwa maneno jibu lilikuwepo. Familia ya Cosa Nostra, jina ambalo Mafia hao hujiita, ni genge, na huongozwa na bosi, chini yake yupo naibu, kando yao mshauri, kisha makapteni ambao kila mmoja ana kikosi chake cha askari, na bosi akifa makapteni hukutana kumchagua mwingine. Kwa vitendo, kura hiyo mara nyingi ilipigwa baada ya mambo kwisha, na sijapata kusoma habari za kapteni aliyeinuka kikaoni kumpinga mtu ambaye kila mmoja alijua ndiye aliyemwondoa bosi wa jana.

Mzizi wa jambo hili uko New York mwaka 1931. Vita kati ya Joe Masseria na Salvatore Maranzano vilikwisha tarehe 15 Aprili, Masseria alipouawa katika mkahawa mmoja wa Coney Island kwa njama ya mtu wake mwenyewe, Lucky Luciano. Maranzano akazipanga familia tano za jiji hilo, akajifanya bosi wa mabosi wote, na hakumaliza hata miezi mitano: tarehe 10 Septemba watu waliojidai kuwa maofisa wa serikali waliingia ofisini kwake Park Avenue wakamuua, na waliotumwa walitumwa na Luciano yule yule. Luciano alikuwa na akili ya kutosha kuona kwamba cheo cha bosi wa mabosi humfanya mwenye nacho awindwe na kila mtu, kwa hiyo alikiacha kife na Maranzano, na mahali pake akaweka Tume, baraza la wakuu wa familia lililopewa kazi ya kusuluhisha migogoro na kulinda kanuni moja iliyo juu ya nyingine zote, kwamba bosi hauawi bila idhini ya baraza hilo. Waliotunga kanuni hiyo, kumbuka, walikuwa wamefika walipofika kwa kuua mabosi wawili ndani ya mwaka mmoja.

Ili kuona kanuni hiyo ilivyofanya kazi, au ilivyoshindwa kufanya kazi, mimi hupendelea kuifuata familia moja tu, ile inayojulikana leo kwa jina la Gambino. Vincent Mangano aliiongoza tangu 1931 hadi 1951, alipotoweka na mwili wake usionekane tena, nduguye Philip akiwa ameokotwa amekufa. Albert Anastasia, aliyekuwa naibu wake, akakalia kiti. Tarehe 25 Oktoba 1957 Anastasia naye aliuawa akiwa kwenye kiti cha kinyozi katika hoteli ya Park Sheraton, na kiti chake kikaangukia kwa Carlo Gambino, aliyekuwa naibu wake. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani kwa vifo hivyo, lakini wapelelezi na wanahistoria wanaelekeza kidole upande mmoja, na mpangilio wenyewe unasema mengi. Naibu ndiye anayejua bosi analala wapi na ananyolewa wapi.

Gambino alitawala miaka 19 na akafa kitandani nyumbani kwake Oktoba 1976, jambo adimu katika ukoo huo wa madaraka. Ni mtu ambaye wengi humsifu kwa busara, na nakubali kwamba alistahili sifa hiyo karibu katika kila kitu isipokuwa uamuzi wake wa mwisho. Naibu wake, Aniello Dellacroce, ndiye aliyetazamiwa na watu wa mitaani kurithi, lakini Gambino alimtaka Paul Castellano, binamu yake ambaye pia alikuwa shemeji yake, ndugu wa mke wake. Ili Dellacroce asiasi, aliachiwa unaibu pamoja na vikosi kadhaa ambavyo kwa hakika vingemtii yeye. Waswahili husema mafahali wawili hawakai zizi moja; Gambino alidhani dawa ni kugawa zizi katikati na kumpa kila fahali upande wake.

Kwa miaka tisa ikaonekana kama amefaulu. Castellano alikuwa mtu wa biashara ya nyama, ujenzi na vyama vya wafanyakazi, akaishi katika jumba kubwa jeupe juu ya kilima huko Staten Island, na watu wake wakawa hawamwoni ila kwa miadi. Upande wa pili, askari wa Dellacroce walikutana katika klabu ya Ravenite, Mulberry Street, wakiishi kwa kamari, wizi wa mizigo na riba, wakipeleka sehemu ya mapato juu kwa mtu waliyemwona mfanyabiashara aliyerithi kazi ya majambazi. Miongoni mwao alikuwa kapteni mmoja kutoka Queens, John Gotti. Castellano alikuwa amepiga marufuku biashara ya dawa za kulevya kwa adhabu ya kifo, na mwaka 1983 ndugu wa Gotti pamoja na rafiki yake Angelo Ruggiero walishtakiwa kwa heroini, ushahidi ukiwa ni mazungumzo yaliyonaswa nyumbani kwa Ruggiero. Castellano akadai apewe nakala za mazungumzo hayo. Ruggiero akakataa, kwa kuwa humo mlikuwa na habari za heroini na matusi juu ya Castellano mwenyewe, na Dellacroce, ambaye sasa alikuwa mgonjwa wa saratani, akawa anamtuliza huyu na kumzuia yule.

Hapo ndipo ninapomwona Dellacroce kuwa mtu mwenye kustaajabisha kuliko wote katika kisa hiki, ingawa anatajwa kwa nadra. Alinyimwa kiti alichostahili kwa sheria za watu wake, alikuwa na askari wa kutosha kukichukua, na bado alishika neno lake hadi kifo. Amani ya familia nzima ilikuwa imefungwa kwenye uhai wa mzee mmoja mgonjwa. Alifariki tarehe 2 Desemba 1985. Castellano hakwenda kumuaga marehemu, pengine kwa kuwa alikuwa na kesi mahakamani na hakutaka kuonekana na watu wa aina hiyo, kisha akampa unaibu dereva na mlinzi wake, Thomas Bilotti. Katika jamii yoyote kutokwenda msibani ni ufidhuli. Katika jamii ile ilikuwa ni kuwaambia askari wa marehemu kwamba zamu yao imekwisha. Wiki mbili baadaye, jioni ya tarehe 16 Desemba, Castellano na Bilotti waliuawa kwa risasi nje ya mkahawa wa Sparks, Manhattan, huku Gotti na mshirika wake Salvatore Gravano wakitazama kutoka ndani ya gari lililoegeshwa karibu. Aliyewapasha habari za mkutano wa jioni hiyo alikuwa Frank DeCicco, kapteni aliyeaminiwa na Castellano. Mwezi uliofuata makapteni walikutana, wakamchagua Gotti.

Kanuni ya 1931 ilikuwa imevunjwa, na aliyeikumbuka alikuwa Vincent Gigante, bosi wa familia ya Genovese, nyingine kati ya zile tano. Kwa kushirikiana na wakuu wa familia ya Lucchese alitegesha bomu la gari huko Brooklyn tarehe 13 Aprili 1986 likamuua DeCicco, aliyekuwa amepewa unaibu; Gotti alitarajiwa kuwapo siku hiyo, lakini hakufika.

Gigante na Gotti ninawaweka pamoja makusudi, kwa sababu walikuwa na majibu mawili yanayopingana kuhusu namna ya kukalia kiti. Familia ya Genovese ilikuwa imezoea kukificha. Philip Lombardo aliiongoza kwa miaka akiwa nyuma ya watu wengine walioonekana kama mabosi, na Gigante alipochukua nafasi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 alimwacha Anthony Salerno mbele ya pazia. Yeye mwenyewe alizunguka Greenwich Village amevaa joho la kuogea akijisemea peke yake, na watu wake walikatazwa kutamka jina lake. Walipotaka kumtaja waligusa kidevu. Mchezo huo ulifanya kazi vizuri kiasi kwamba Salerno alihukumiwa miaka 100 gerezani mwaka 1987 katika kesi ya Tume, iliyowashtaki wakuu wa familia kwa pamoja, kama bosi wa familia ambayo hakuwa bosi wake. Gotti, kwa upande wake, alivaa suti za gharama, akapunga mkono kwa wapiga picha, na akawataka makapteni waje Ravenite kila wiki kumwamkia, kila mmoja akipigwa picha mlangoni na FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu. Alishinda kesi tatu, mojawapo kwa kuwa mmoja wa raia walioketi kuiamua alikuwa amehongwa, magazeti yakamwita Teflon Don, yaani mtu asiyegandwa na mashtaka.

Kilichomwangusha kinarudi pale pale. FBI walificha vinasa sauti katika nyumba ya ghorofa ya juu ya klabu, na kanda zikachezwa mahakamani Gravano, ambaye sasa alikuwa naibu, akiwapo. Alimsikia bosi wake akimsengenya, akimsingizia tamaa na kumtwisha mauaji. Gravano akageuka shahidi, akakiri kushiriki katika mauaji 19, na Gotti akatiwa hatiani tarehe 2 Aprili 1992, akafungwa maisha, akafa gerezani mwaka 2002. Gigante alidumu huru hadi 1997, na mwaka 2003 akakiri kwamba wazimu wake ulikuwa wa kuigiza.

Sheria ya RICO ya mwaka 1970, inayoruhusu mtu kushtakiwa kwa kuendesha genge lenyewe, ilileta aina mpya ya tatizo ambalo Luciano hakulifikiria: bosi aliye hai lakini hayupo. Carmine Persico wa familia ya Colombo alifungwa zaidi ya miaka 100 na akakataa kuachia kiti, akikusudia mwanawe akirithi. Kaimu wake, Victor Orena, alipochoka kukaimu, familia ilipigana yenyewe kwa yenyewe tangu 1991 hadi 1993. Orena alishindwa na kufungwa maisha, na Persico akaendelea kuwa bosi akiwa nyuma ya nondo, bosi wa watu waliopungua kila mwaka.

Mtu aliyejifunza kutokana na makosa yote haya alikuwa Joseph Massino wa familia ya Bonanno. Alifunga vilabu ili FBI wasiwe na mlango wa kupiga picha, na kwa kumwiga Gigante aliwaagiza watu wake waguse sikio badala ya kutaja jina lake. Naibu wake alikuwa Salvatore Vitale, shemeji yake, ndugu wa mke wake, waliyefahamiana tangu utotoni. Massino alipoanza kumshuku, hakumuua na wala hakumwondoa. Alimwachia cheo akamnyang'anya makapteni, akabaki naibu asiyeripotiwa na mtu. Mwaka 2004 Vitale alisimama kizimbani kutoa ushahidi, Massino akatiwa hatiani kwa mauaji saba, na kabla mwaka haujaisha akawa bosi rasmi wa kwanza wa familia ya New York kushirikiana na serikali. Akiwa gerezani alivaa kinasa sauti akamrekodi Vincent Basciano, kaimu aliyeiendesha familia kwa niaba yake, na mwaka 2011 alipanda kizimbani mbele ya Basciano akaeleza mahakama, kwa utaratibu na bila haraka, bosi ni nani na kazi yake ni ipi.