Kijani cha Machi

Huku kusini mwa Tanzania mvua ni ya msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na hukata Aprili, ikichelewa sana Mei. Katikati yake, kati ya mwisho wa Januari na Februari, mara nyingi hupumzika. Kila mkulima wa Masasi, Nachingwea au Newala analijua hilo. Asilolijua ni mapumziko yatakuwa marefu kiasi gani, na yatayakuta mahindi yakiwa kwenye hatua ipi.

Msimu ninaousimulia ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nilikuwa bwana shamba kijana, nimepangiwa vijiji vichache vya bonde la mto Lukuledi, upande wa barabara inayotoka Masasi kwenda Nachingwea. Mvua ilikatika wiki ya mwisho ya Januari. Tulikuwa na kipimamvua kwenye uwanja wa shule ya msingi, na kila siku saa tatu asubuhi mwalimu wa zamu alisoma na kuandika daftarini. Ukurasa mzima wa Februari ulijaa sifuri hadi karibu na mwisho wa mwezi, mvua iliporudi kwa kishindo na kunyesha usiku kucha. Ndani ya siku chache bonde lote likawa kijani. Ukipita barabarani ungesema neema imeshuka.

Kila mwezi nilipeleka taarifa ya hali ya mazao. Ni kazi ambayo wengi waliidharau, wakaijaza wakiwa wamekaa kibarazani. Mimi niliipenda. Nilielewa kwamba karatasi ile ndiyo njia pekee ambayo shamba la mtu asiyejulikana linaweza kuonekana na watu wanaoamua mambo ya mbegu na chakula. Ilikuwa na maswali mawili makubwa: zao limefikia hatua gani, na liko katika hali gani. Watu huyachanganya. Mahindi yanaweza kuwa yamefika hatua inayotakiwa kwa tarehe yake na bado yakawa hoi. Na yanaweza kuchelewa, lakini yakawa na afya njema. Baadaye nilisoma kwamba Marekani, msimu wa kilimo, idara yao ya kilimo hutoa taarifa ya namna hiyo kila wiki. Hueleza asilimia ya mahindi yaliyokwisha kutoa ndevu, yaliyokomaa, yaliyovunwa. Kisha, kando, hali yake kwa madaraja 5 kutoka mbaya sana hadi bora kabisa. Nilifurahi kuona na wao wanayatenga maswali hayo mawili.

Mwanzoni mwa Machi akaja mgeni kutoka ofisi ya juu yetu. Alikuwa na kata nyingi za kupitia na gari lilikuwa la kuazima, hivyo alitaka kukusanya karatasi na kuendelea na safari. Akaisoma yangu akiwa amesimama.

“Bwana shamba, mahindi umeyaandika mara mbili.”

“Ndiyo, mkuu. Yaliyopandwa Desemba, mbaya. Yaliyopandwa Januari, wastani.”

“Nimetoka Masasi mpaka hapa naangalia dirishani. Kijani kitupu. Weka mstari mmoja, andika nzuri, tusije tukawatia watu hofu bure.”

Hakuwa mtu mbaya yule. Alichokiona alikiona kweli. Nikamwomba nusu saa, tushuke shambani.

Shamba la karibu lilikuwa la bibi mmoja mjane, mtu wa makamo ya mama yangu mkubwa. Tulimkuta juu ya dungu akifukuza ngedere. Tukaamkia, akaitikia marahaba, akashuka taratibu akishika kamba. Nikamwuliza alipanda lini.

“Haya ya mbele nilipanda Idi ilipokwisha tu, ile mvua ya kwanza. Yale ya bondeni mwaka mpya ulishapita, mbegu nilisubiri kwa mwanangu.”

Kwa jibu hilo moja alishatoa taarifa yote. Mahindi ya kule kwetu, yale ya kukomaa kwa muda wa kati, huchanua karibu miezi miwili baada ya kupandwa. Ya Idi yalifika kwenye kuchanua katikati ya Februari, jua likiwa kichwani. Ya mwaka mpya yalikuwa bado kimo cha kiuno.

Tuliingia ndani kabisa. Mimea ya ukingoni haifai kupimia, kwa sababu inapata mwanga zaidi, na mingine imeshaliwa na mbuzi. Nilihesabu hatua, nikasimama, nikachukua mashina 10 mfululizo kwenye mstari bila kuchagua, kisha nikahamia sehemu nyingine. Mgeni wetu alikuwa ameshatoa kisu amenye hindi la kwanza. Bibi akamzuia.

“Usimenye, baba, utaliharibu. Liminye kwanza. Hapa.”

Akamshika vidole akaviweka kwenye ncha ya hindi, juu ya maganda. Yule bwana akaminya. Kidole kikazama. Akaminya la pili, likazama hadi katikati. Maganda yalikuwa ya kijani kibichi, yamefunga vizuri, ndevu zimekauka kahawia kama inavyopaswa. Kwa nje lilikuwa hindi lisilo na kasoro. Tulipolimenya lile la pili, punje zilikuwa zimekaa mojamoja kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza, na kutoka katikati kwenda juu hakukuwa na kitu, gunzi jeupe tupu.

Nikamweleza palepale, kwa kuwa alishaanza kuuliza. Kila udevu wa hindi unakwenda kwenye punje yake moja. Chavua inayodondoka kutoka kwenye mbelewele, lile ua la juu ya shina, ikiuangukia udevu, punje inashika. Isipoangukia, nafasi ile inabaki pengo. Mbelewele humwaga chavua kwa siku chache tu. Mmea ukikosa maji wakati huo, mbelewele hutoka kwa wakati wake lakini ndevu huchelewa, na zinapochungulia chavua imeshaisha. Baada ya hapo hata inyeshe mvua ya namna gani, pengo halizibiki. Mvua iliyorudi mwisho wa Februari ilinywesha majani.

Tuliminya yote niliyoyapangia. Zaidi ya nusu yalizama.

Ya bondeni yalikuwa na habari nyingine. Majani yake ya chini yalikuwa yameungua, na bibi alisema mchana wa Februari yalikuwa yakijikunja kama mshipi. Lakini mbelewele ilikuwa haijatoka, na mvua iliyakuta yakiwa na muda. Mtama kando yake ulikuwa umekunja majani ukangoja, kisha ukaendelea. Mtama ndivyo ulivyo, na sijui kwa nini tunauacha kwa haraka hivi. Karanga nikazing'oa shina moja. Zile sindano zinazotoka kwenye ua na kwenda kujichimbia ardhini zilikuwa zinaning'inia hewani, ncha zimekauka, kwa sababu udongo ulikuwa umeshakuwa mgumu wakati zinashuka. Ufuta ulikuwa mchanga, una mapengo, lakini ungeweza kunyanyuka.

Tulipofika mwisho wa shamba mgeni akavuta pumzi. “Afadhali basi muhogo upo,” akasema, akionyesha kipande cha nyuma ya nyumba kilichositawi.

Bibi hakujibu. Alichukua panga, akaenda kwenye shina lililokuwa limekwenda juu vizuri, akalitikisa, akang'oa. Muhogo mnene. Akaukata vipande viwili akatuwekea mbele. Ndani kulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, magumu. Akakata mwingine kwenye shina hilohilo: ulikuwa mweupe nusu, nusu umeoza. Ndipo nikamwonyesha mgeni majani ya chini ya shina lile, yenye umanjano uliofuata mishipa. Majani ya juu yalikuwa safi, yangeweza kuchumwa kisamvu siku hiyohiyo. Ni ugonjwa wa michirizi kahawia. Unaletwa na virusi, unaenezwa na nzi weupe na sisi wenyewe tunapogawiana vipando vya mashina yaliyougua. Ukanda wetu huu wa kusini umeteseka nao miaka mingi. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, inaonekana mapema kwenye jani, mtu akapata habari. Huu wa michirizi unaweza kuficha hasara chini ya ardhi mpaka siku ya kung'oa.

“Mingi nimekata nikatupa,” bibi akasema. “Uliobaki nitaung'oa mapema nifanye makopa kabla haujaoza wote.”

Nachingwea haiko mbali na pale. Mwaka 1946 Waingereza walituma ujumbe wa kutazama ardhi ya Tanganyika kwa ajili ya mradi wa karanga, na sehemu kubwa ya utazamaji ule ulifanyika kwa ndege. Kazi ilianza 1947 Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Ikafikia mpaka kujengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda bara. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Wazee wa Nachingwea walinisimulia matrekta yaliyobaki porini. Ardhi na mvua yake havikupimwa vya kutosha na watu wenye kukanyaga udongo. Leo kuna setilaiti zinazopima ukijani wa mimea kutoka angani, na ninazishukuru, maana zinaona ukame mapema na kwa eneo kubwa. Lakini Machi ile kijani tulikuwa nacho tele.

Tulikaa chini ya mkorosho. Bibi akaleta maji ya kunywa na ming'oko, mizizi ya porini, aliyoichemsha asubuhi. Mgeni akafungua fomu yangu juu ya goti, kalamu mkononi, kimya. Bibi akamtazama.

“Baba, msiponiandika nyie leo kwamba nimeharibikiwa, mwezi wa saba nitaandikwa na mtu wa kangomba.”

Mtu wa kusini hahitaji kuelezwa kauli hiyo. Kwa wasioijua: chakula kikiisha nyumbani, mwenye mikorosho huuza korosho zikiwa bado ni maua. Mnunuzi huja Julai au Agosti, anatoa fedha kidogo au mahindi, anaandika jina kwenye daftari lake. Oktoba anarudi kubeba korosho zote kwa bei ile aliyoipanga yeye, ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya soko. Mwaka unaofuata mwenye shamba hana fedha ya salfa ya kupulizia mikorosho, ugonjwa wa ubwiri unga unashambulia maua, mavuno yanapungua, na daftari la kangomba linafunguliwa tena. Punje zilizokosa kushika Februari zinaweza kumfunga mtu miaka 2 au 3. Hesabu hiyo haikuwa na safu kwenye fomu yetu.

Yule bwana hakuufuta mstari hata mmoja. Aliongeza. Chini ya mahindi ya Desemba akaandika sababu: ukame wakati wa kuchanua, punje hazikushika. Kwenye muhogo akafuta “nzuri” iliyokuwa kwenye karatasi za kata nyingine alizokwisha kukusanya, akaweka alama ya kuuliza, akaniambia atarudi huko kung'oa mihogo aione. Kisha akaniuliza swali ambalo bwana shamba yeyote hutamani kuulizwa: “Sasa nini kinawezekana?”

Nikamwambia muda uliobaki ni mdogo lakini upo. Choroko hukomaa kwa miezi miwili na siku kidogo, kunde za kukomaa haraka vilevile. Zikiingia ardhini kabla ya katikati ya Machi, kwenye mistari ya mahindi yaliyokufa, mvua za Machi na Aprili zinatosha kuzifikisha. Baada ya hapo ni bahati nasibu. Taarifa ya ukweli ikifika Aprili inakuwa historia.

Akaondoka na karatasi siku ileile. Mbegu zilikuja, chache kuliko tulivyoomba, zikagawiwa kwa vikombe. Kina mama hawakusubiri zaidi. Walikwenda gulioni Masasi wakanunua choroko za kula, wakachagua zenye afya, wakapanda hizo. Nilipita shamba hadi shamba nikihimiza wang'oe mashina yale yenye magunzi matupu wawape mbuzi. Kulikuwa na waliokataa, na siwalaumu. Kung'oa mahindi ya kijani kwa mkono wako mwenyewe kunauma.

Njaa ilikuwepo, nisidanganye. Mei watu walikuwa porini wanachimba ming'oko ya kula siku nzima, si ya kitafunwa. Baadhi ya majirani wa bibi waliandikwa kwenye daftari la kangomba, na mmoja alikuwa mwenyekiti wa kitongoji.

Bibi mwenyewe choroko zake zilikubali. Mwishoni mwa Mei alizipura, akabakiza za kula, nyingine akauza, na kwa fedha ile akanunua salfa. Juni yote nilikuwa nikimkuta alfajiri na kijana wa kukodi mwenye mashine ya kupulizia, umande bado uko kwenye majani ili vumbi lishike. Mnunuzi alipita Julai, akapokewa kwa heshima, akapewa kiti, akaambiwa korosho bado hazijajulikana. Oktoba zilipimwa kwenye mzani zikiwa mali yake.