Siku yangu moja na nyanya za Ilula

Saa 10 alfajiri. Simu ya dalali wetu wa soko la Ilala, Dar es Salaam. "Dada, mzigo umeingia, ila matenga ya chini yanavuja maji." Namuuliza lori limeingia saa ngapi, yanayovuja ni mangapi. Naandika yote. Nyanya zikioza, hasara humrudia mkulima, na hilo linaniuma kila mara.

Saa 1 asubuhi, shambani Ilula, mkoani Iringa. Namsalimu mkulima kwa Kihehe: "Kamwene, mama." "Kamwene, mwanangu." Anachuma zilizoanza kugeuka rangi kitakoni tu, zitaendelea kuivia njiani. Nachomeka kipimajoto kwenye nyanya moja: nyuzi 17. Tenga likiachwa juani, mchana nakuta 32.

Joto ndilo adui. Likipanda nyuzi 10, nyanya hupumua mara 2 hadi 3 zaidi, na umri wake unakatika kwa kasi hiyo. Wengi huniambia tununue lori la barafu, lakini nyanya isiyoiva ikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 10 huumia: haikolei rangi, ladha inapotea. Kivuli na kupanga saa vizuri vinatufaa zaidi.

Saa 6 mchana nafungua kompyuta. Simulesheni yangu ni safari ya kuigiza. Kila tenga lina saa yake ya uhai, inayokimbia joto likipanda. Humo nimeweka foleni ya mizani, pancha, msongamano wa Kibaha, na muda wa kusubiri wanunuzi. Naiendesha safari hiyohiyo mara 1,000, kila mara bahati ikibadilika, kisha nahamisha saa ya kuondoka na kurudia. Nilidhani tatizo ni mwendo wa lori. Kumbe nyanya zinazeekea zikiwa zimesimama: juani kabla ya kupakiwa, na sokoni lori likiingia wanunuzi wa jumla wameshaondoka.

Kompyuta ilipendekeza tuondoke saa 1 usiku. Dereva alikataa: "Dada, mteremko wa Kitonga siushuki gizani na mzigo." Alikuwa sahihi, na programu haikujua lolote kuhusu ile milima. Nikaweka sharti lake ndani: Kitonga tushuke kabla jua halijazama. Jibu jipya likawa saa 10 na nusu jioni, huku matenga yakisubiri chini ya turubai lililoinuliwa juu ili hewa ipite.

Saa 10 na nusu lori linaondoka. Karibu kilomita 450 mbele yake.

Saa 3 usiku, ujumbe wa dereva: "Mikumi. Katikati ya mzigo nyuzi 23." Naingiza namba hiyo, naiendesha tena, kisha nampigia dalali: "Kaka, waite wanunuzi saa 10 kamili alfajiri. Matenga ya nyuma yauzwe kwanza, yalichumwa jana."