Malengelenge Yaliyorudi Baada ya Kukatwa

Tangu utotoni nilikuwa na kishada cha malengelenge madogo nyuma ya bega (ugonjwa uitwao lymphangioma circumscriptum), mengine maangavu kama mayai ya chura, mengine mekundu kwa damu iliyochanganyika na limfu, yaani majimaji maangavu ya mwilini, na kila shati jeupe nililovaa lilipata doa la majimaji kabla ya adhuhuri. Zahanati moja iliyakata juu juu. Baada ya miezi michache yakachipuka tena pembezoni mwa kovu.

Daktari wa upasuaji niliyemwendea baadaye alinieleza kwamba kinachoonekana ni vilele tu. Mwaka 1976 mtafiti wa magonjwa ya ngozi, Whimster, alionyesha kuwa chini ya ngozi, ndani ya mafuta, hujificha vifuko vya limfu vyenye kuta za misuli, vilivyotengana na mishipa ya kawaida ya limfu, ambavyo hujikaza na kusukuma majimaji hadi kwenye malengelenge. Ndiyo maana kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, kilitangulia. Kisha nikapewa nusu kaputi, akakata ngozi pamoja na mafuta hadi kwenye utando unaofunika misuli, na kuziba pengo kwa ngozi iliyochunwa pajani. (Paja, nakiri, liliuma kuliko bega.)

Hata upasuaji wa kina hauzuii kabisa ugonjwa kurudi, kwa hiyo kila Jumapili nakagua kingo za kovu kwa kioo.