Nilivyotuliza joto la injini ya ndege niliyoiunda mwenyewe

Ndege yangu ilipopaa kwa mara ya kwanza ilikaa angani dakika 11 tu. Nilikuwa nimeiunda kwa miaka 6, na nilipanga kuzunguka juu ya uwanja nusu saa nikijifunza tabia zake. Dakika ya 4, bado napanda, geji ya silinda namba 3 ilikuwa imefika nyuzi 238 za Selsiasi na haioneshi dalili ya kusimama. Oili ilikuwa 112. Nilishusha pua ili mwendo uongezeke, nikapunguza nguvu, nikageuza kurudi. Nilipozima injini mikono ilikuwa inanitetemeka. Nilikaa pale pale kitini nikisikiliza chuma kikipoa, tik, tik, tik.

Injini yenyewe ni Lycoming O-360, silinda 4, nguvu za farasi 180, inapozwa kwa hewa. Kikomo cha mtengenezaji ni nyuzi 260 kwa kichwa cha silinda na 118 kwa oili, kwa hiyo sikuwa nimevuka mstari. Lakini mtengenezaji huyo huyo anashauri kwamba ukitaka injini idumu, ukiwa safarini vichwa vikae chini ya 224, na vizuri zaidi chini ya 204. Kichwa cha silinda ni alumini, na alumini ikipata joto kali nguvu zake hupungua hata kama huoni ufa wowote kwa macho. Sikutunza injini hii miaka yote hiyo nije kuichoma ndani ya wiki moja.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kupanua matundu ya mbele. Hewa zaidi, joto kidogo, nani atabisha? Nilikuwa tayari nimechora mstari wa kukata kwenye boneti wakati Mzee, fundi wa ndege aliyekuwa akinisaidia tangu mwanzo, alipoingia bandani.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Huo msumeno wa nini?”

Nilimweleza. Alizunguka pua ya ndege polepole, akaingiza mkono kwenye tundu la kushoto mpaka kiwiko.

“Mwanangu, hewa inaingia ya kutosha. Wewe niambie inapotokea.”

Sikuwa na jibu, na ndipo kazi ilipoanza.

Kwenye injini ya aina hii hewa huingia kwa matundu mawili ya mbele, hujaa juu ya silinda, kisha hushuka ikipita katikati ya mapezi, yale mabamba membamba ya silinda yanayotoa joto, na kutokea chini, nyuma ya boneti. Kinachoisukuma kushuka ni tofauti ya shinikizo: juu kubwa, chini dogo. Mabati ya kuongozea hewa yanayoizunguka injini, pamoja na ukanda wa mpira wa silikoni unaoegemea boneti, ndiyo yanayotenga pande hizo mbili. Hewa ni kama maji, hupita penye upenyo. Ikipata tundu dogo la pembeni itapita hapo, na hewa iliyopita hapo haijagusa pezi hata moja. Ningepanua mdomo ningeongeza ukinzani wa hewa na kulisha yale matundu ya pembeni.

Kabla ya kugusa bati lolote, Mzee alisisitiza tupime vipimo vyenyewe. Tulichemsha maji kwenye sufuria, tukatumbukiza sensa ya oili huku waya umeunganishwa. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na kiwango hicho hushuka kama nyuzi 1 kwa kila mita 300 unazopanda, hivyo tulipiga hesabu ya mwinuko wa uwanja kwanza. Geji yangu ilizidisha nyuzi 5. Waya wa athi wa geji nilikuwa nimeufunga juu ya rangi. Nilikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikafunga upya, tofauti ikabaki nyuzi 1. Sehemu ya hofu yangu ya siku ile, basi, ilitoka kwenye rangi yangu mwenyewe.

Katika sufuria hiyo hiyo tulijaribu na themostati ya oili. Oili ikiwa baridi, kifaa hiki huiruhusu ipite njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta ya kuipozea. Ikipata joto, kijiti chake hurefuka na kuziba ile njia ya mkato, oili ikalazimika kupita kwenye rejeta. Tulikaa tumeinamia sufuria, kipimajoto mkononi, tukikiona kijiti kikitoka taratibu kama shina la mbegu. Kufikia nyuzi 85 kilikuwa kimetoka chote. Kisha Mzee aliniangazia tochi kwenye kitako chake ndani ya injini: alama ya duara iliyong'aa, imezunguka kamili. Duara likikatika mahali, oili inavuja hapo na kurudi kwenye injini na joto lake. Langu lilikuwa zima, nikaliondoa kwenye orodha ya washukiwa.

Sensa za vichwa hazikuwa na tatizo. Nitasema tu kwamba nyaya zake ni za metali maalumu, na ukiziunga kwa waya wa shaba wa kawaida mahali penye joto, geji itakusomea chini ya ukweli. Hiyo ndiyo hitilafu mbaya, maana inakupa utulivu usiostahili.

Tuliondoka kwenye geji tukaenda kwenye shinikizo. Nilichukua mrija mwembamba wa plastiki, nikaukunja kwa umbo la U juu ya ubao, nikatia maji yenye rangi nyekundu. Ncha moja niliipeleka juu ya silinda, nyingine chini, ubao nikaufunga imara kwenye kiti cha pili. Ndege ikienda noti 100, yaani kama kilomita 185 kwa saa, karibu na usawa wa bahari, shinikizo lote la upepo unaogonga pua ni kama sentimita 16 za maji. Kwenye ubao wangu tofauti kati ya juu na chini ilikuwa 9. Karibu nusu ya nguvu niliyolipia kwa ukinzani ilikuwa inapotea kabla haijafanya kazi.

Usiku ule tulifanya kitu ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii. Tulizima taa za banda, tukaweka balbu chini ya injini, boneti ya juu ikiwa imeondolewa, nami nikachungulia kutoka juu. Mwanga ulikuwa unachomoza kila mahali. Palikuwa na nyota ndogo kwenye pembe za mabati, mstari mwembamba ulioifuata injini nyuma ya silinda namba 4, na mwezi mwandamo mzima pale paipu ilipopita kwenye bati bila kizibo. Katikati ya mapezi mwanga nilioutarajia, lakini hizi nyingine zilikuwa njia za wizi. Nilizihesabu 31, nikazitia alama kwa kalamu, kesho yake nikazijaza moja moja kwa silikoni inayovumilia joto. Kazi ya siku mbili, vidole vyekundu wiki nzima.

Mpira ulikuwa na hadithi yake. Mpira huu lazima uinamie ndani, kuelekea kwenye shinikizo, ili hewa yenyewe iubane kwenye boneti. Pembeni kulia, nyuma, wangu ulikuwa umekunjika nje. Ndege ikiwa imesimama huwezi kulijua hilo, maana ukifunga boneti huoni ndani. Nililitambua kwa masizi: upande wa ndani wa boneti, kila mahali mpira ulipogusa palikuwa na mstari mweusi wa msuguano, ila pale sentimita 20 hivi palikuwa peupe. Nilikata vipande vifupi vinavyopandana, kwa sababu mpira mrefu ukipita kwenye kona hujikunja wenyewe.

Tuliruka tena. Ubao ulisoma 12.5 kwa mwendo ule ule. Silinda namba 3 ilipanda hadi 226 badala ya 238. Nafuu ya kweli, lakini wenzake wote walikuwa chini ya 210. Huyu alikuwa na ugonjwa wake binafsi.

Silinda namba 3 iko kulia nyuma, imeegemea bati la nyuma. Vichwa hivi havina mapezi sawa kila upande. Upande mmoja mapezi ni mafupi sana, karibu hayapo, na kwa silinda namba 3 upande huo ndio unaotazama bati. Nilikuwa nimelikaza bati likagusana na kichwa, nikajipongeza kwa kazi safi isiyo na mwanya. Kumbe hapo mwanya unahitajika! Nilijaribu kupitisha waya mwembamba kutoka juu kati ya bati na kichwa, haukushuka hata sentimita 2. Upande wote wa nyuma wa kichwa ulikuwa haupati hewa. Nililifungua bati, nikatengeneza kifuko kidogo cha alumini chenye kina cha milimita 10 kinachotoa hewa nafasi ya kushuka nyuma ya kichwa, nikakifunga kwa riveti na kuziba kingo zake. Safari iliyofuata namba 3 iliishia 209 nikiwa napanda. Nilipiga kelele peke yangu angani. Namba 2, iliyo kushoto mbele, ina hali kama hiyo upande wake wa mbele, nami niliitendea vivyo hivyo.

Hapa kuna jambo ninalolishikilia sana: badiliko moja kwa safari moja. Ukibadilisha vitu vitatu joto likashuka, hujui kipi cha kushukuru, na likipanda hujui kipi cha kulaumu. Niliandika kila safari kwenye daftari, pamoja na joto la hewa ya nje, kwa sababu joto la vichwa hufuata la nje karibu nyuzi kwa nyuzi. Siku ya nyuzi 18 itakudanganya kwamba umetibu, kisha siku ya 32 irudishe ugonjwa.

Oili ilikuwa bado 103. Rejeta yake nilikuwa nimeifunga kwenye bati la nyuma, na balbu ilikuwa imeshaonesha mwanga ukizunguka fremu yake. Hewa ilikuwa inapita pembeni mwa rejeta badala ya katikati. Niliweka gasketi ya mpira chini ya fremu, nikaongeza kipande cha kuimarisha bati maana rejeta ni nzito na mtikisiko hupasua bati jembamba. Oili ikashuka hadi 94.

Mengine yalikuwa madogo. Magneto ya kushoto, kifaa kinachozalisha cheche, ilikuwa imewahi nyuzi 2 za mzunguko wa krenki zaidi ya zile 25 zilizoandikwa kwenye kibati cha injini, na cheche ikiwahi huongeza joto la kichwa, kwa hiyo niliirudisha. Kabureta niliikagua nikathibitisha kwamba nikifungua nguvu zote injini inapata mafuta mengi ya kutosha, maana mafuta yakiwa machache wakati wa kupaa vichwa huwaka. Nikajizoeza pia kupanda kwa noti 110 badala ya 90, pua ikiwa chini kidogo, na kukagua injini ardhini nikiwa nimeielekeza penye upepo.

Wakati huohuo kulikuwa na mvutano ambao sikuutegemea. Silinda mpya zinahitaji kusukumwa, asilimia 65 hadi 75 ya nguvu au zaidi, ili ringi za pistoni zikae vizuri. Ukizibembeleza kwa hofu ya joto, kuta zake hupata utando laini wa oili iliyoungua na ringi hazishiki tena. Kila nilipotaka kupunguza nguvu nilikumbuka hilo, nikashusha pua badala yake. Nilitumia oili ya madini isiyo na viongezeo, na kufikia saa ya 14 hivi ulaji wa oili ulitulia: lita 1 iliyokuwa ikiisha kwa saa 4 sasa ilidumu saa 12. Joto la vichwa nalo lilishuka nyuzi 5 au 6 bila mimi kugusa kitu. Msuguano ulikuwa umepungua ndani.

Halafu nikapata tatizo la upande wa pili. Asubuhi moja ya baridi, juu sana, oili ilishuka hadi 68 na ikagoma kupanda. Nilifurahi kwa dakika chache tu. Oili isipopata joto la kutosha haiwezi kuukausha unyevu unaotokana na mwako, na unyevu huo ukichanganyika na mabaki ya moto hufanya asidi inayokula shafti ya kemu kimyakimya. Lengo ni 82 na kuendelea. Nilifunika theluthi ya rejeta kwa utepe wa alumini, ikapanda hadi 80. Baadaye nikatengeneza kilango cha bati kinachofunguka na kufunga kwa waya kutoka ndani, nikahakikisha kwamba waya ukikatika chemchemi inakivuta kikae wazi.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, saa ya 40, hewa ya nje nyuzi 27, nimeandika: kupanda, namba 1 ni 196, namba 2 ni 203, namba 3 ni 206, namba 4 ni 201, oili 91. Nikiwa safarini wote wako chini ya 192. Kila ninapobadilisha oili naitoa boneti na kupitisha kidole kwenye mpira wote, kona hadi kona. Mara ya mwisho nilikuta pembe ya kushoto imechanika kama urefu wa ukucha, nikaikata na kuweka kipande kipya kabla ya kufunga.